Mashine ya kufulia ya mama inapiga shoti hata ikiwa imezimwa, nipo Kigoma. Naomba msaada

Mtoto wa Kibirizi

Wakuu, salaam. Naombeni mawazo yenu. Nitaandika kwa urefu, maana nimeshaita mafundi wawili na wote walibadilisha vitu bila kupima.

Mama ana mashine ya kufulia ya Kijerumani ya mlango wa mbele, ile yenye kitufe kikubwa cha kuzungusha kinacholia tik tik tik. Aliachiwa na masista mwaka 1989 walipokuwa wanarudi kwao. Haina kompyuta ndani, ni taima ya meno na nyaya tupu. Mama alikuwa mkunga, amefua mashuka ya watu miaka na miaka. Sasa vidole vimekakamaa kwa baridi yabisi, kanga moja tu hawezi kuikamua. Kwake mashine hii si anasa.

Shida ziko tatu. Ya kwanza, ukigusa bati lake unasikia kama siafu wanatembea mkononi, na hali hiyo ipo hata mashine ikiwa imezimwa, ilimradi plagi iko kwenye soketi. Ya pili, ikifika hatua ya kuchemsha maji, si siafu tena, ni shoti kamili. Wiki iliyopita ilinirusha mkono nikagonga kiwiko ukutani. Ya tatu, usiku dramu haizunguki, inanguruma tu. Ukiisukuma kwa mkono inaanza kuzunguka.

Fundi wa kwanza alibadilisha swichi ya mlango, hakuna kilichobadilika. Wa pili alisema mota imekufa, isukwe upya, akataka nusu ya pesa mkononi. Nikamwambia asubiri.

Juzi nimemkuta mama anafungua mlango wa mashine kwa kanga aliyoikunja mara nne, kama anayeepua sufuria. Kumbe amekuwa akifanya hivyo muda mrefu na hakusema. Nimechomoa plagi, waya nimeuficha juu ya kabati. Sitairudisha mpaka nijue kinachoendelea.

Mpita Njia

Pole sana kaka. Kwa heshima zote, mashine ya 1989 imeshafanya kazi yake. Tafuta zile za plastiki za matenki mawili, bati la kukupiga halipo. Maisha ya mama ni muhimu kuliko chuma.

Mtoto wa Kibirizi

Nakuelewa na nashukuru. Ila ile ya matenki mawili inataka uhamishe nguo zilizoloa kwa mkono kutoka tenki moja kwenda la pili, na hapo ndipo mama anaposhindwa.

Isevya

Kijana, usitupe. Mimi nimestaafu karakana ya reli hapa Tabora, na mashine za enzi hizo nazijua. Hapo kwenu Kigoma kuna meli ya Liemba. Imejengwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba watu. Chuma kizuri kinatibika, lakini tunapima kwanza.

Maelezo yako yana kitu kimoja kikubwa: inawasha mkono hata ikiwa imezimwa. Kwenye mashine hizo, umeme ukitoka tu kwenye waya wa plagi unakutana na kichujio, kile kikopo kidogo cha kuzuia redio na televisheni zisikwaruze. Kipo kabla ya swichi. Ndani yake kuna kapasita mbili ndogo, yaani vifaa vya kutunza chaji: moja imetoka waya wa moto, ule unaoleta umeme, kwenda kwenye bati, nyingine imetoka nyutro, ule unaourudisha, kwenda kwenye bati. Bati likiwa limeungwa ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, kaumeme kale kadogo kanaenda zake ardhini na wewe husikii kitu. Ethi ikikosekana, bati linaelea katikati ya moto na nyutro, yaani karibu nusu ya volti 230. Ndio hao siafu wako.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mashine, niambie habari za soketi.

Mtoto wa Kibirizi

Shikamoo mzee. Soketi ni ya kawaida ya matundu matatu. Ipo kwenye chumba cha uani tulichojenga baadaye.

Isevya

Marahaba. Matundu matatu si nyaya tatu. Zima breka kubwa, fungua soketi, uniambie unachokiona nyuma yake.

Nyaya Tatu

Mzee Isevya amenigusa. Mimi nafanya wayaringi huku Mwanga, hapa hapa Kigoma, na vyumba vya uani ndio ugonjwa wenyewe. Mtu anavuta waya wa nyuzi mbili kutoka nyumba kubwa kwa kubana gharama, anafunga soketi nzuri ya matundu matatu, tundu la juu halina kitu. Mkuu, ukishaangalia, rudisha umeme upime kwa maltimita, ile mita ya kupimia umeme: moto kwa nyutro, moto kwa ethi, nyutro kwa ethi. Mwisho pigilia nondo kwenye udongo uliolowa karibu na bomba, funga waya, upime kati ya nondo ile na bati la mashine. Usiguse bati wakati unapima. Bana kamba ya mita kwanza, ndipo uchomeke plagi.

Mtoto wa Kibirizi

Nimerudi wakuu. Nyuma ya soketi kuna nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Skrubu ya ethi ina utando wa buibui, haijawahi kufungwa waya.

Vipimo vya saa nne asubuhi. Moto kwa nyutro, volti 224. Moto kwa ethi, namba inarukaruka, mara 31 mara 18. Bati la mashine kwa nondo ya nje, plagi imechomekwa, mashine imezimwa: volti 109.

Isevya

Mia moja na tisa. Nusu ya 224 ni 112. Hapo kichujio kimejieleza chenyewe, na si kibovu.

Kijana wa Gungu

Mbona rahisi hiyo? Kwenye soketi chukua kipande cha waya, unganisha ethi na nyutro. Mimi nilifanya kwenye friji, haipigi tena.

Nyaya Tatu

Ndugu yangu, nakusihi urudi nyumbani leo ukaukate huo waya. Siku nyutro ikilegea mahali popote kati ya soketi na nguzo, moto utapita ndani ya friji, utokee kwenye nyutro, uvuke kwenye hicho kipande na ulifikie bati. Friji nzima itakuwa na volti 230, na mlango unafunguliwa na mtoto. Tena fundi akigeuza nyaya nyuma ya soketi, moto unaingia kwenye bati papo hapo. Nimeitwa kwenye nyumba moja baada ya jambo hilo kutokea. Sitaki kulieleza hapa.

Kijana wa Gungu

Nimekuelewa kaka. Nimezima, nakwenda kukata sasa hivi.

Isevya

Ahsante kijana kwa kusikia.

Sasa Kibirizi, ethi imepatikana kuwa haipo. Lakini usidhani tumemaliza. Siafu hawamrushi mtu mkono. Umeme wa kichujio ni mdogo mno kwa kazi hiyo. Ile shoti ya wakati wa maji moto ni uvujaji wa pili, nao umejificha nyuma ya wa kwanza. Ukifunga ethi leo bila kuutafuta, breka itaanza kuruka, na utarudi hapa unalalamikia ethi.

Chomoa plagi. Fungua kifuniko cha nyuma. Piga picha ya kila waya kabla ya kuuvuta. Halafu ondoa zile nyaya za kichujio zinazokwenda kwenye bati, uzifunge kwa tepu. Rudia kipimo cha bati kwa nondo, mashine ikiwa imezimwa, kisha ikiwa kwenye hatua ya kuchemsha. Mkono wako usikaribie.

Mtoto wa Kibirizi

Nimefanya. Bila kichujio, ikiwa imezimwa, bati ni volti 3. Nikaiwasha kwenye nyuzi joto 60, maji yakaingia, ikaanza kufua, bado 3. Dakika ile hita, yaani kichemshia maji, ilipowashwa (nimeisikia taima ikibofya, na taa ya ndani ikafifia) ikaruka mpaka 187. Nilizima kwenye breka kubwa hapo hapo.

Nikachomoa nyaya mbili za hita, nikarudia safari nzima. Volti 3 mwanzo mpaka mwisho.

Isevya

Umeikamata.

Mtoto wa Kibirizi

Ila mzee, kuna kitu sikielewi. Nimepima hita asubuhi yake kwa maltimita. Mguu kwa mguu, ukinzani ni omu 27. Mguu kwa bati, mita inaonyesha hakuna njia kabisa. Yaani kwa mita ni nzima.

Isevya

Omu 27 ni sawa, hiyo ni hita ya karibu kilowati 2. Maana yake waya wa ndani haujakatika. Lakini maltimita inapima uvujaji kwa betri yake ya volti chache. Ndani ya hita kuna waya umezungukwa na unga mweupe wa magnesi oksidi. Bomba la nje likipata ufa mwembamba kama unywele, au ile mihuri ya mwisho ikichoka, unga unanyonya unyevu. Volti chache haziwezi kuvuka unyevu huo, 230 zinavuka. Unahitaji mega, ile inayosukuma volti 500. Waulize wanaotengeneza pampu za visima, wanakuwa nayo.

Nyaya Tatu

Ninayo. Kesho jioni nipo, nitafute.

Mtoto wa Kibirizi

Wakuu, Nyaya Tatu amekuja nyumbani mwenyewe, amekataa hata nauli. Mama amempikia migebuka kwa mawese, hiyo hakuikataa.

Tulipima hita ikiwa humo humo ndani ya maji, nyaya zake zote zimechomolewa. Mguu kwa bati, sindano ya mega ikalala kwenye sifuri kama imekufa. Alinionyesha pia ilivyo kwa kitu kizima: tukapima mota kwa bati, sindano ikakimbilia upande wa pili kabisa. Kuona tofauti ile kwa macho kulinifundisha kuliko maneno yote niliyokuwa nimesoma.

Tulipoitoa hita tukaona sababu. Imevaa gamba jeupe nene kama ganda la yai, na kwenye kona moja gamba limebanduka na bomba likaonekana lina kidonda cheusi. Maji ya ziwa letu yana chumvi za magnesi nyingi. Gamba likiwa nene joto halitoki, bomba linaungua lenyewe.

Mama Wawili

Samahani naingilia. Nasoma huu uzi tangu jana, nami nipo Ujiji. Mashine yangu si ya zamani ila inawasha mkono vilevile. Ina maana nami sina ethi?

Nyaya Tatu

Dada, inawezekana sana. Na kama unatumia ekstensheni, igeuze uiangalie. Nyingi za bei rahisi zina matundu matatu na waya wa nyuzi mbili. Usiitumie kwa mashine ya kufulia, hata kwa pasi. Nitafute kwa ujumbe wa faragha, nipitie Ijumaa.

Mtoto wa Kibirizi

Sasa shida ya tatu, ya kunguruma. Yule fundi alisema mota isukwe. Mzee Isevya, nianzie wapi?

Isevya

Anzia kwenye umeme wa usiku. Pima soketi saa mbili, majirani wote wakiwa wamewasha, uone ni ngapi. Halafu tafuta kapasita ya mota, kopo refu lenye nyaya mbili. Kabla hujaigusa, imalizie chaji kwa kuziunganisha ncha zake na balbu, au rezista ya kiloomu 10. Isome, uipime.

Na mota yenyewe ipime. Mota za aina hiyo, upande wa kufua, zina koili mbili zinazofanana, kwa sababu inazunguka kulia kisha kushoto na koili zinabadilishana kazi. Kwa hiyo omu zao lazima zilingane. Zikitofautiana sana, fundi wako alikuwa sahihi. Zikilingana, usisuke kitu.

Mtoto wa Kibirizi

Koili moja omu 41. Ya pili omu 41. Nilirudia mara tatu kwa furaha.

Kapasita imeandikwa maikrofaradi 16. Mita yangu inasoma 5.2.

Soketi saa mbili usiku: volti 178.

Isevya

Basi ndio hivyo. Kapasita ndiyo inayompa mota mwelekeo wa kuanzia. Ikidhoofika, mota inabaki na nguvu ya kunguruma tu, ndio maana ukiisukuma kwa mkono inakwenda. Mchana, umeme ukiwa mzuri, ilikuwa inajikongoja. Usiku inashindwa, kwa sababu nguvu ya mota haishuki sawasawa na volti, inashuka kwa kipeo chake cha pili. Volti 178 ni kama asilimia 77 ya 230, lakini nguvu inabaki asilimia 60 tu. Hita nayo ni hivyo hivyo, kwa hiyo usiku hata maji yanachelewa kuchemka, na taima za enzi hizo husimama kusubiri joto lifike. Mwambie mama afue asubuhi.

Kapasita nunua 16, volti 450, ya mota inayokimbia muda wote. Usikubali ile ya kuwashia tu, ya plastiki nyeusi, itapasuka. Zile za pampu za maji zinafaa.

Mtoto wa Kibirizi

Nimeipata sokoni Mwanga kwa muuza vifaa vya pampu. Nimeipima palepale dukani, 15.8. Dramu inaanza yenyewe sasa, kulia na kushoto, bila kusita.

Imebaki hita. Nimezunguka mji mzima, hakuna yenye umbo hili.

Isevya

Pima urefu kuanzia kwenye ile sahani ya mpira mpaka mwisho, upana wa sahani, na uangalie kama imepinda kidogo kuelekea juu. Hapa nyumbani nina mashine ya ukoo huo huo, dramu lake lilitoboka kwa kutu. Hita ilikuwa nzima.

Mtoto wa Kibirizi

Urefu sentimita 20 na nusu. Imepinda kidogo juu, kama mgongo wa kijiko.

Isevya

Ni yenyewe. Nimeitoa. Kwenye mega ilisoma megaomu 5, nikaianika juani siku tatu mfululizo, sasa imepita 50. Ninachofanya sasa ni kuifunga kwenye gunia. Itakuja na treni, kuna kijana wangu anashuka Kigoma. Kuna na chupa ya asali humo, ni ya mama.

Mtoto wa Kibirizi

Mzee, sina maneno. Mama amesema nikuandikie hivi: "Mwambie baba huyo Mungu amzidishie." Nimeandika kama alivyosema.

Nyaya Tatu

Wakati hita iko njiani sisi tumefanya ethi. Naandika ili wengine wajue kazi ilivyokuwa. Tumevuta waya mpya wa nyuzi tatu, milimita 2.5, kutoka kwenye ubao wa breka hadi uani. Nondo ya zamani ya nyumba kubwa ilikuwepo ila klempu yake ilikuwa unga wa kijani, ukiigusa inamomonyoka. Pale ni mlimani, chini kuna mawe, nondo ya kwanza ilikataa kwenye kina cha goti. Tukahama chini ya bafu la nje ambako udongo haukauki, ikaingia yote. Tumefunga na breka inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Hatukutegemea bomba la maji kama ethi, maana siku hizi mabomba mengi ni ya plastiki na huwezi kujua chuma kinaishia wapi.

Mtoto wa Kibirizi

Hita imefika leo asubuhi, asali imefika salama.

Kuifunga kulinichukua saa nzima kwa sababu ya kosa moja. Ndani ya tenki kuna kibanio kidogo cha bati ambacho ncha ya hita inatakiwa ikae chini yake. Ukisukuma bila kuangalia, hita inapita juu ya kibanio na inaweza kuguswa na dramu. Nilimulika tochi ya simu kupitia matundu ya dramu mpaka nikaiona imekaa. Mpira nilipaka sabuni ya maji ukateleza wenyewe. Nati ya katikati ndiyo inayoutanua mpira uzibe, usiikaze kwa hasira.

Nikarudisha kichujio na nyaya zote kwa kufuata picha. Bati kwa nondo ya nje, mashine ikichemsha: volti 0.4. Breka haikuruka. Maji hayakuvuja.

Mama alikuja na kanga yake ameikunja tayari. Nikaweka kiganja changu chote juu ya bati, nikakiacha hapo. Akanitazama, akaitazama mashine, akaikunjua ile kanga akaitupia ndani na mashuka.

Isevya

Alhamdulillahi.

Mawili ya mwisho. Mwambie mama kile kitufe akizungushe kulia tu, asikirudishe nyuma hata siku moja, meno ya ndani yanakatika na taima hiyo hutaipata. Na hiyo nondo ipimeni tena mwezi wa tisa, kabla ya mvua, udongo ukiwa mkavu kuliko siku zote. Kipimo cha leo ni cha udongo mbichi.

Mtoto wa Kibirizi

Nimeandika kwenye kalenda ya ukutani, Septemba. Nyaya Tatu ameahidi kuja na mita yake. Nitaleta namba hapa hapa.